Kupima Uwezo wa Mwili Kujikarabati Umri Unapoongezeka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wakazi wa Dar es Salaam huyarudia kliniki, kwenye mabenchi ya kusubiri majibu ya maabara na katika vikao vya familia, hasa pale kidonda cha mzazi kinapochelewa kupona au tangazo la kupima "umri halisi wa mwili" linaposambazwa kwenye simu. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Majibu ni ya jumla, wala hayachukui nafasi ya daktari anayemfahamu mgonjwa.

## Mambo ya msingi

1. Mwili kujikarabati ni kufanya nini hasa?

Ni kazi nyingi zinazofanyika kwa wakati mmoja katika ngazi mbalimbali. Ndani ya seli, vimeng'enya hukagua DNA na kurekebisha sehemu zilizovunjika au kuharibika. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Protini zilizojikunja vibaya hurekebishwa au huvunjwa na malighafi yake kutumika tena. Katika ngazi ya juu yake, seli zilizochoka hufa na nyingine huchukua nafasi zake: utando wa ndani wa utumbo hujibadilisha kwa siku chache, chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, na mifupa ya mtu mzima hujengwa upya kidogo kidogo kwa miaka. Kisha kuna ngazi ya mwili mzima, yaani kurudi katika hali ya kawaida baada ya homa, upasuaji, msiba au kulazwa hospitalini.

Kwa hiyo anayeuliza kama mwili wake bado unajikarabati vizuri anapaswa kwanza kusema anazungumzia kiungo gani na pigo la aina gani (jeraha, ugonjwa au mzigo mwingine), kwa sababu ngozi, figo na moyo havizeeki kwa mwendo mmoja, hata ndani ya mtu mmoja.

2. Je, uwezo huu hupungua kwa kila mtu?

Hupungua kwa kila mtu, lakini kwa kasi zinazotofautiana sana. Miongoni mwa watu wa kwanza kulithibitisha hilo kwa vipimo walikuwa Alexis Carrel na Pierre Lecomte du Noüy, waliofanya kazi katika hospitali ya Compiègne, Ufaransa, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mipaka ya vidonda vya askari ilichorwa kwenye karatasi inayopitisha mwanga, eneo likapimwa, na zoezi hilo likarudiwa kila baada ya siku chache. Michoro ilipopangwa kwa kufuata tarehe ilionekana wazi kwamba kidonda cha askari mwenye umri mkubwa zaidi kilijifunga polepole kuliko cha kijana, japokuwa ukubwa wa vidonda ulilingana.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hulikosea, na gharama yake ni kubwa. Kidonda cha mzee mwenye afya njema huchelewa, lakini hujifunga. Kidonda kisichoonesha dalili ya kufunga kwa wiki kadhaa kina sababu nyingine: sukari iliyopanda, mishipa ya damu iliyoziba, maambukizi, lishe duni, mgandamizo wa kulalia upande mmoja au, mara chache, saratani. Kusema "ni uzee tu" kumewafanya watu wengi wafike hospitalini wakati mguu hauwezi tena kuokolewa.

3. Je, kuna kipimo kimoja cha kuniambia uwezo wangu ni kiasi gani?

Hakuna, na sababu yake si ukosefu wa mashine za kisasa. Uwezo wa kujikarabati hauonekani mwili ukiwa umetulia. Nyumba mbili za Sinza zinaweza kuwa na mabomba yanayotoa maji vizuri asubuhi ile ile. Ni pale maji ya mtaa yanapokatika ndipo inapojulikana ni ipi ilikuwa na tangi lililojaa. Vivyo hivyo, mtu wa miaka 35 na mtu wa miaka 75 wanaweza kuwa na sukari, shinikizo la damu na wingi wa damu unaolingana, kisha wote wakaugua nimonia, na mmoja akarudi kazini baada ya siku kadhaa wakati mwenzake anahitaji miezi ili aweze tena kupanda ngazi bila kushikiliwa.

Kipimo cha kweli cha ukarabati, kwa hiyo, kina sehemu tatu: hali ya kabla, pigo linalojulikana, na muda uliotumika kurudi. Kipimo kinachochukuliwa mara moja tu kinaweza kueleza mengi yenye manufaa, lakini hakiwezi kueleza kasi ya kurudi.

4. Kupima uharibifu na kupima ukarabati vina tofauti gani?

Uharibifu unaoonekana leo ni ule uliotokea, ukitoa ule uliokwisha kurekebishwa. Watu wawili wanaweza kukutwa na kiasi kilekile cha DNA iliyovunjika, mmoja kwa sababu haumizwi sana na mwingine kwa sababu anaumizwa sana lakini anarekebisha haraka. Ukipima mara moja huwezi kuwatofautisha. Mkanganyiko huu ndio chanzo cha ahadi nyingi za uongo zinazozungumziwa katika swali la 14.

## Vipimo vinavyowezekana nyumbani na katika kituo cha afya

5. Kidonda hupimwaje, na nitajuaje kama kinapona kwa kasi inayofaa?

Hiki ndicho kipimo cha ukarabati kilicho karibu zaidi na watu, na inasikitisha kwamba mara nyingi hakiandikwi. Katika chumba cha kusafishia vidonda, muuguzi huondoa bandeji, husafisha, kisha huweka rula ya karatasi, ya kutumika mara moja, kando ya kidonda bila kukigusa. Urefu huchukuliwa kuelekea upande wa kichwa na upana kukingama nao, kwa sentimita. Vikizidishwa hutoa makadirio ya eneo. Kina hupimwa kwa kijiti safi cha pamba. Rangi ya sakafu ya kidonda nayo huandikwa: nyekundu yenye vinundu vidogo inaashiria nyama mpya inayoota, njano ni utando uliokufa, nyeusi ni nyama iliyokufa.

Takwimu hizo zina maana zikirudiwa. Kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kwamba badiliko la eneo katika wiki 4 za mwanzo linatabiri vizuri kama kidonda kitafunga kufikia wiki ya 12. Tangu hapo madaktari wengi hutumia kigezo rahisi: eneo lisipopungua kwa angalau nusu ndani ya wiki 4 za matibabu sahihi, matibabu yaangaliwe upya. Kidonda cha sentimita 4 kwa 3 kina eneo la takriban 12. Baada ya mwezi kinatakiwa kiwe 6 au chini ya hapo.

Familia inaweza kusaidia kwa kupiga picha kila wiki, kwa simu ileile, umbali uleule, rula ikiwa pembeni na tarehe ikionekana. Picha nne za namna hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya "kinaendelea vizuri kidogo".

6. Kwa nini wagonjwa wa kisukari hutajwa kila mara katika suala hili?

Kwa sababu kisukari hugusa karibu kila hatua ya ukarabati. Sukari iliyopanda kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu, hudhoofisha chembe nyeupe na huua hisia za miguu, hivyo pigo huongezeka na ukarabati hupungua kwa wakati mmoja. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini; ganzi iliwafanya wasihisi chochote hadi walipoona damu au jeraha. Ndiyo maana kliniki za kisukari hupima hisia za nyayo kwa uzi maalumu wa plastiki unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, na ndiyo maana mgonjwa hushauriwa kukagua miguu yake kila jioni, hata kati ya vidole, na kulala chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri.

7. Je, kuna jaribio la nguvu ambalo mzee anaweza kulifanya nyumbani?

Lipo la kiti. Mzee huketi kwenye kiti kisicho na mikono, huikunja mikono yake kifuani, kisha husimama wima na kuketi mara 5 kwa kasi awezayo bila kujiumiza, huku mtu mwingine akihesabu kwa saa ya simu. Kiti kiegemezwe ukutani. Viti vya plastiki tulivyonavyo majumbani huteleza kirahisi juu ya vigae, na kuanguka kwa ajili ya kipimo ni hasara isiyo na sababu. Msaidizi asimame pembeni. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au nyonga iliyofanyiwa upasuaji karibuni asijaribu bila ushauri.

Kundi la wataalamu wa Ulaya mwaka 2019 liliweka zaidi ya sekunde 15 kuwa dalili ya misuli dhaifu. Kwa mwendo, waliweka kasi ya mita 0.8 kwa sekunde au chini ya hapo, yaani kutumia sekunde 5 au zaidi kutembea mita 4 kwa mwendo wa kawaida. Kwa nguvu ya kushika, chini ya kilo 27 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke. Vigezo hivi vilitokana na watu wa Ulaya, kwa hiyo mzee wa Mbagala asihukumiwe navyo peke yake.

Kinachofaa zaidi ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe. Mzee aliyekuwa akitumia sekunde 12 kabla ya kuugua, akatumia 20 baada ya kutoka hospitalini, anatakiwa kupimwa tena kila baada ya wiki mbili hivi. Mstari unaorudi kuelekea 12 ni ukarabati unaoonekana kwa macho. Mstari uliosimama kwenye 20 ni sababu ya kumwona mtaalamu wa viungo mapema, kabla misuli haijazoea kukaa.

8. Mapigo ya moyo yanaeleza nini baada ya mazoezi?

Moyo unapoacha kufanya kazi nzito, neva za utulivu huushusha haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliofuatilia watu 2,428 waliofanya kipimo cha kutembea kwenye mashine, uligundua kwamba wale ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza ya kupumzika walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Hiki ni kipimo cha kurudi katika hali ya kawaida kwa maana kamili ya swali la 3, na huchukua dakika chache tu.

Hata hivyo, dawa zinazopunguza mapigo hubadilisha majibu, na mtu mwenye dalili za ugonjwa wa moyo anapaswa kufanyiwa kipimo hicho chini ya uangalizi, akiunganishwa na mashine ya kusoma umeme wa moyo. Kwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Upanga, ni mahali pa kuulizia.

9. Vipimo vya kawaida vya damu havitoshi?

Vinafaa sana, ila vingi hupima kazi au uharibifu. Kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli na kuchujwa na figo, hukadiria kazi ya figo, ambayo baada ya miaka 40 hupungua kwa wastani wa karibu mililita 1 kwa dakika kila mwaka. Figo haziongezi vichujio vipya baada ya mtoto kuzaliwa. Zinachoweza ni kuponya vilivyopo, na ndiyo maana kuzilinda ni muhimu kuliko kusubiri zipone. Mzee aliyekonda ana misuli michache, hivyo kreatinini yake inaweza kuonekana nzuri wakati figo zimechoka. Tangu mwaka 2021 ipo kanuni ya kukokotoa isiyotumia asili ya mtu, na ni vizuri kuuliza maabara inatumia kanuni ipi.

Ini ni kinyume cha figo. Mtu aliyetoa sehemu ya ini lake kwa ndugu huona lililobaki likikua na kukaribia ukubwa wa awali ndani ya miezi. Lakini vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu vinaonesha seli zinazoumia, si uwezo wa ini kuota.

Kipimo cha CRP, protini ya kwenye damu, huonesha mwasho wa ndani (inflamesheni), si mwasho wa kujikuna. Mwasho wa muda mfupi ni sehemu ya kupona. Mwasho hafifu usiokoma, ambao Claudio Franceschi na wenzake waliuhusisha na uzee mwaka 2000, huvuruga kupona. Jibu moja la CRP iliyopanda linaweza kutokana na mafua ya jana, kwa hiyo lirudiwe.

10. Na mifupa?

Picha za eksirei zinazofuatana huonesha kama mfupa uliovunjika unaunga. Kipimo cha uzito wa mfupa huonesha akiba iliyobaki, na alama ya -2.5 au chini yake huitwa udhaifu wa mifupa. Vipo pia vipimo vya damu vinavyopima vipande vya protini vinavyotoka mfupa unapovunjwa na unapojengwa. Navyo, kama vingine, vina maana zaidi vikirudiwa baada ya kuanza dawa.

## Vipimo vya maabara za utafiti

11. Je, inawezekana kupima ukarabati wa DNA moja kwa moja?

Inawezekana. Chembe nyeupe za damu huwekwa kwenye jeli nyembamba, hufunguliwa kwa kemikali, kisha umeme hupitishwa. DNA nzima hubaki mahali pake. Vipande vilivyovunjika husogea na kufanya mkia unaoonekana kwa hadubini, na urefu na mwangaza wa mkia hupimwa. Njia hii ilielezwa na Östling na Johanson wa Sweden mwaka 1984. Ili kupima ukarabati na si uharibifu pekee, watafiti huzijeruhi seli kwa makusudi, kwa mfano kwa mionzi, halafu huangalia mkia mara moja, baada ya dakika 15, 30 na 60. Kasi ya mkia kupungua ndiyo jibu.

Mwaka 1974 Hart na Setlow walifanya jambo linalofanana kwa mwanga wa urujuanimno kwenye seli za ngozi za aina saba za mamalia, akiwemo binadamu, na kukuta kwamba wanyama wanaoishi muda mrefu zaidi kwa kawaida hurekebisha zaidi. Njia hizi bado ni za utafiti: majibu ya maabara moja hayalingani kirahisi na ya nyingine, na hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kumwambia mtu mmoja kwamba amefaulu au ameshindwa.

12. Urefu wa telomea ndio kipimo cha uzee?

Telomea ni ncha za kromosomu zinazofupika seli inapogawanyika. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Nobel mwaka 2009 kwa kueleza jinsi zinavyolinda kromosomu. Kwa makundi makubwa ya watu, telomea fupi huendana na umri na baadhi ya magonjwa. Kwa mtu mmoja, tofauti za kuzaliwa nazo ni kubwa mno, na hitilafu ya kipimo chenyewe inaweza kuzidi mabadiliko ya miaka kadhaa. Zaidi ya hayo, watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wana telomea ndefu kuliko wenye asili ya Ulaya, hivyo kulinganishwa na jedwali la watu wa Ulaya hutoa jibu zuri lisilo la kweli. Kwa maoni yetu, mkazi wa Dar es Salaam hana sababu ya kulipia kipimo hiki, isipokuwa daktari bingwa anachunguza ugonjwa adimu wa kurithi.

13. Saa za kwenye DNA ni nini, na watafiti wanapimaje kasi ya kurudi?

Juu ya DNA kuna alama za kikemikali zinazobadilika kwa umri. Mwaka 2013 Steve Horvath alionesha kwamba alama katika maeneo 353 zinatosha kukadiria umri wa mtu kwa karibu, na makadirio ya namna hiyo ndiyo yanayoitwa saa. Kipimo cha baadaye, DunedinPACE cha mwaka 2022, kilitokana na watu waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973, ambao viungo vyao vilipimwa mara kadhaa kati ya umri wa miaka 26 na 45. Hicho hukadiria kasi ya kuzeeka, jambo linalokaribia zaidi swali letu. Hata hivyo hupima jinsi mtu anavyochakaa, na hakioneshi jinsi anavyorudi baada ya pigo. Kwa saa za mwanzo, damu ileile ikipimwa mara mbili inaweza kutoa majibu yanayotofautiana kwa miaka kadhaa.

Njia ya kustaajabisha zaidi ilitokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Majaribio ya angani yaliyofanyika kabla ya mkataba wa mwaka 1963 wa kuyapiga marufuku yaliongeza hewani kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, na kila seli iliyozaliwa tangu wakati huo ilibeba kiwango cha mwaka wake ndani ya DNA. Kwa kusoma kiwango hicho, kundi la Jonas Frisén wa Sweden lilionesha mwaka 2009 kwamba takriban asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo hubadilishwa kila mwaka katika umri wa miaka 25, na chini ya nusu ya asilimia katika umri wa miaka 75. Moyo unajikarabati, lakini kidogo sana, na ndiyo maana shinikizo la damu halistahili kuachwa bila kutibiwa kwa matumaini kwamba litajirekebisha.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2021, ulifuata vipimo vya picha kamili ya damu vilivyorudiwa kwa watu walewale na kuangalia jinsi kila mmoja anavyorudi kwenye kiwango chake baada ya kuyumba. Katika umri wa karibu miaka 40 muda wa kurudi ulikuwa takriban wiki 2, na uzeeni ukafikia wiki nyingi zaidi. Kipimo cha damu walichotumia ni kilekile kinachofanyika katika hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala. Kilicholeta maarifa mapya ni kurudia na kutunza kumbukumbu. Kwa hiyo usitupe karatasi za majibu ya zamani.

## Vipimo na dawa zinazouzwa mitaani

14. Je, ile mashine ya kushika fimbo inapima mwili mzima kweli?

Haipimi. Mteja hushika fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta kwa dakika moja hivi, kisha hupewa kurasa nyingi zenye asilimia za ini, figo, mishipa, mifupa, hata "uwezo wa seli kujirekebisha". Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba fimbo mkononi inaweza kutoa taarifa hizo. Hakuna damu iliyochukuliwa, hakuna pigo, hakuna muda wa kurudi. Mara nyingi anayesoma majibu ndiye anayeuza virutubisho vya kuyatibu. Hasara kubwa kuliko fedha ni mtu kuambiwa figo zake ni nzuri na kuacha kliniki, au kuambiwa ni mbovu na kuanza dawa asizozihitaji.

15. Virutubisho vya "kukarabati seli" vinafanya kazi?

Muulize muuzaji: ni kipimo gani kilifanyika kabla na baada, kwa watu wangapi, na kundi lisilotumia lilionesha nini? Upungufu halisi wa protini, vitamini C au zinki huchelewesha vidonda, na kuuondoa husaidia. Kwa mtu asiye na upungufu, kuongeza juu ya kinachotosha hakujaoneshwa kuharakisha kupona. Mchanganyiko usiojulikana wa mitishamba unaweza kuumiza ini na figo, yaani viungo vilevile mtu anavyotaka kuvikarabati.

## Kuongeza uwezo

16. Je, kuna jambo lililothibitishwa kwa kipimo kwamba linaharakisha ukarabati uzeeni?

Mazoezi. Katika utafiti mdogo lakini uliofanywa kwa uangalifu, uliochapishwa Marekani mwaka 2005, wazee 28 wenye afya wa miaka 55 hadi 77 waligawanywa: nusu walifanya mazoezi ya saa moja, siku 3 kwa wiki, nusu hawakufanya. Kila mmoja alitiwa jeraha dogo lenye ukubwa uliopimwa. Waliofanya mazoezi walipona kwa wastani wa siku 29, wengine siku 39. Tazama muundo wake: hali ya kabla, pigo linalojulikana, muda wa kurudi.

Kundi hilohilo la watafiti lilikuwa limeonesha mwaka 1995 upande wa pili. Wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu walichukua wastani wa siku 9 zaidi kupona jeraha la milimita 3.5 kuliko wanawake wa umri wao wasio na mzigo huo. Tunasisitiza matokeo haya kwa sababu katika familia nyingi za hapa mzigo wa kuuguza humwangukia binti au mkwe mmoja, usiku na mchana. Kumpokea zamu ni tiba yake, kwa maana halisi ya mwili.

Mengine yanajulikana: kudhibiti sukari, kuacha sigara, usingizi, na protini ya kutosha. Dagaa, maharage, mayai na samaki vinatosha. Mzee anayekunywa uji mtupu mara tatu kwa siku hapati malighafi ya kujengea nyama mpya.

## Hali zisizo za kawaida

17. Je, watu wenye ualbino hupata saratani ya ngozi kwa sababu miili yao haijikarabati?

Hapana. Mitambo yao ya kurekebisha DNA ni mizima. Wanachokosa ni rangi ya kuzuia jua, hivyo uharibifu huingia kwa wingi kuliko mitambo hiyo inavyoweza kumudu. Upo ugonjwa mwingine adimu wa kurithi, zeroderma pigmentosa, ambao ni kinyume chake: rangi ipo, lakini urekebishaji wa madhara ya jua ndio mbovu, kama James Cleaver alivyoonesha mwaka 1968. Huu ni mfano bora wa tofauti iliyoelezwa katika swali la 4. Kwa wote wawili kinga ni kupunguza pigo: kofia pana, nguo ndefu, kukwepa jua la mchana, na mafuta ya kuzuia jua kama Kilisun, yanayotengenezwa Moshi.

18. Kovu langu limevimba na kupita mpaka wa kidonda. Je, ninajikarabati kupita kiasi?

Hiyo ni keloidi, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa vijana. Ni ukarabati usiojua pa kukomea. Haimaanishi kwamba viungo vingine vinapona haraka. Mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote au kutoboa masikio.

19. Watoto wanaoonekana wazee wamepoteza uwezo huu?

Kwa sehemu. Projeria ya utotoni husababishwa na hitilafu ya jeni LMNA, iliyotambuliwa mwaka 2003, ambayo hudhoofisha ukuta wa kiini cha seli. Ugonjwa wa Werner, unaoanza ujanani, hutokana na jeni WRN inayoshughulika na kufungua na kurekebisha DNA. Wagonjwa hawa hawazeeki kila kiungo kwa usawa, jambo linalothibitisha jibu la swali la 1.

20. Kuna wanyama wanaojikarabati kuliko sisi?

Wapo jirani zetu. Watafiti waliofanya kazi Kenya walichapisha mwaka 2012 kwamba panya wa miiba huachia ngozi yake anaposhikwa na adui, hata asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, kisha huiotesha upya pamoja na manyoya. Tembo ana nakala takriban 20 za TP53, jeni inayozuia saratani; binadamu ana moja tu. Lakini uchunguzi wa mwaka 2015 ulionesha kwamba seli za tembo zilizoharibika DNA huelekea zaidi kujiua kuliko kujirekebisha. Kuondoa kilichoharibika nako ni njia ya kulinda mwili, na kipimo kinachotazama urekebishaji pekee kingempa tembo alama ndogo asizostahili.

21. Mama yangu ana miaka 80 na anatakiwa kufanyiwa upasuaji. Nitajuaje kama ataweza kurudi katika hali yake?

Umri peke yake ni mtabiri dhaifu. Udhaifu wa jumla hutabiri vizuri zaidi, nao hupimwa kwa kuangalia mambo kadhaa pamoja: uzito uliopungua, mwendo, nguvu, kumbukumbu na uwezo wa kujihudumia. Tanzania inayo zana yake fupi ya uchunguzi huo, B-FIT, iliyotayarishwa kwa kufanya kazi na wazee wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na inafaa mazingira yetu kuliko madodoso yanayouliza kuhusu kucheza gofu.

Ikiwa upasuaji si wa dharura, tumieni wiki za kusubiri. Fanyeni jaribio la kiti na la mwendo (swali la 7) na mwandike tarehe. Atembee kila siku kadiri anavyoweza, aongezewe protini, sukari na wingi wa damu virekebishwe. Mwelezeni daktari wa usingizi jinsi alivyopona mara ya mwisho alipougua: ilichukua siku ngapi hadi akaoga mwenyewe, hadi akatoka uani, na kama alichanganyikiwa akiwa wodini. Historia hiyo ni jaribio ambalo mwili wake umeshalifanya. Baada ya upasuaji, ombeni ainuliwe kitandani mapema kadiri daktari anavyoruhusu, apewe miwani na vifaa vyake vya kusikia, na ndugu anayemfahamu awepo usiku wa kwanza.